Neno la Amana

Stefania hakuijua lugha yoyote hadi mwisho isipokuwa Kiswahili, na hicho nacho alikisema anavyotaka yeye. Lakini alizijua lugha nyingi hadi pale mtoto wa miaka mitatu anapoishia. Alijua maji, titi, kula, inauma, nipakate na sitaki. Zaidi ya hapo hakwenda, wala hakuona sababu ya kwenda.

"Watu wazima wana midomo," alikuwa akisema. "Watajieleza wenyewe."

Haya sikuhadithiwa. Nilikuwa mmoja wa watoto wake wa mchana, katika kambi ya mkonge iliyokuwa upande wa chini wa Korogwe, mahali ambapo leo ukipita utaona mahindi na vichaka na ukuta mmoja uliobaki wa korona, yaani ile mashine ya kusaga mkonge. Baba zetu walikata mkonge. Mama zetu walianika nyuzi. Sisi tulipelekwa kwenye banda la Stefania alfajiri, tukiwa bado na tongotongo, tukachukuliwa jioni tumeshiba uji na tumenawa miguu tupende tusipende. Tulimwita Yaya. Nimekuja kusikia ukubwani kwamba neno hilo lilivuka bahari kutoka Uhindini, na kwamba kwa watu wa Kongo yaya ni kaka au dada mkubwa. Sisi hatukuwa na habari hiyo. Kwetu Yaya alikuwa mwanamke mfupi mwenye mwanya, mkali kwa mikono michafu kuliko nyapara kwa mkata mkonge mvivu.

Watu wa kambini walitoka kila upande. Waliitwa manamba, kwa kuwa waliandikishwa kwa namba huko kwao na kupakiwa kama magunia, nami neno hilo silipendi mpaka leo. Kila nyumba ilikuwa na lugha yake, na mtoto mdogo hana lugha nyingine ila ile ya aliyemzaa. Kwa hiyo Stefania alijifunza. Mtoto wa Kinyamwezi, kama mimi, alitaka minzi. Wa Kiyao alitaka mesi, wa Kishambaa alitaka mazi, na wote walipewa kata ileile ya maji. Hayo yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kwenye vineno vifupi vilivyofanana sura bila kuwa na undugu wowote. Mtoto wa Kishambaa akisema kuja, usimnyoshee mikono, anataka kula. Wa Kinyamwezi akisema lya, usimbembeleze kana kwamba umeambiwa analia. Huyo naye anataka kula. Hata mwenye shamba, ambaye alikuwa Mgiriki, alikuwa na kineno chake. Akimwita mtu alipiga kelele, "Ela," maana yake njoo. Wazee waliotoka Pangani walikuwa na ela yao ya Kiswahili cha zamani, yenye maana ya isipokuwa, basi wakiitwa walisimama palepale wakingoja amalizie.

Stefania mwenyewe baba yake alikuwa Mbena na mama yake Mnyamwezi, naye akazaliwa hapohapo Korogwe. Mumewe, Yordani, alikuwa mkata mkonge, mtu mpole wa mizaha ya chinichini. Mungu hakuwapa mtoto. Wanawake wa kambini walimsema kwa hilo, tena wengine walimsema huku wakimkabidhi watoto wao, na sijui walikuwa wanafikiri ana masikio ya mbao.

Mwaka wa Uhuru akaja kwake Rosina. Huyu alikuwa Muha kutoka Kasulu, mjane, mumewe alikufa kwa kichomi masika yaliyotangulia. Alikuwa na binti mmoja, Grasiana, ambaye ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Rosina alikuwa amepata habari kwamba mama yake huko Uha yu mahututi. Njia ya kwenda Kigoma ilikuwa basi hadi Morogoro kisha treni, safari ya kumchosha mtu mzima sembuse mtoto, na Grasiana alikuwa ametokwa na surua mwili mzima.

"Nakuachia mtoto, Yaya," alisema Rosina. "Nikimzika mama, au akipona, narudi. Hofu yangu ni moja tu. Atanisahau."

"Watoto hawasahau."

"Husahau. Wewe unajua kuliko mimi kwamba husahau."

Stefania alijua. Alikuwa ameona watoto wangapi wakimkimbia baba aliyetoka likizo. Akamuuliza Rosina kwao mtoto humwitaje mama. Rosina akasema kwao mama ni mawe.

"Basi nakuapia," Stefania akamwambia. "Neno lako nitalitunza. Hatamwita mtu mwingine neno hilo, wala hataniita mimi mama kwa lugha yoyote. Siku utakayorudi utalikuta mdomoni mwake."

Rosina akapanda basi. Hakurudi, na hakuna aliyepata kujua kwa nini.

Stefania alitunza kiapo kile kama mtu anayetunza moto wa kuazima. Kila jioni king'ora cha korona kilipolia, kabla ya chakula, alimsimamisha Grasiana mlangoni, akamgeuza uso kuelekea jua linakotua, kwa sababu Kigoma iko huko, akamwambia, "Mwite mama yako." Grasiana akaita, "Mawe." Kisha wakala. Sisi wenzake tulicheka mpaka tukaanguka. Tulijua Kiswahili kiasi cha kujua mawe ni nini, na tulimletea kokoto mkononi, tukamwambia mama yako huyu hapa. Stefania alitukamata mmoja mmoja akatufinya masikio. Kwa jambo hilo alikuwa hana mchezo.

Siku moja Grasiana, akiwa na miaka kama minne, alianguka akachubuka goti, akamkimbilia Stefania akisema, "Mama, mama." Ni neno tu alilolisikia kwa wenzake. Nilikuwapo. Stefania alimfuta damu, akamfuta machozi, halafu akamshika mabega.

"Mimi Yaya," alimwambia. "Mama yako yuko njiani."

Yordani alikuwa anakwangua udongo kwenye panga lake, akaliweka chini. "Mwanamke wewe, mtoto anakupa kitu cha bure, na wewe unakirudisha."

"Si chake cha kunipa. Kina mwenyewe."

Akaingia ndani, akakaa huko muda, akatoka macho mekundu akisema ni moshi. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Mimi nilimchukia Rosina. Nasema hivyo bila kuficha. Nilivyokua nikaelewa mambo, niliona mwanamke aliyetupa mtoto na mwanamke mwingine aliyekula kiapo cha kujinyima, na yule aliyetupa ndiye anayeitwa kila jioni kama bibi harusi. Nikamwambia Stefania hivyo siku moja. Hakunipiga, ila alinitazama kwa namna ambayo ningeona afadhali anipige.

"Agripina, unajua alikokwama?"

"Sijui."

"Basi nyamaza. Labda amelala chini ya ardhi huko, na wewe unamtukana."

Miaka ikaenda. Shamba la mkonge likachukuliwa na serikali, bei ya nyuzi ikashuka, korona ikawa inasaga siku mbili na kulala tano, mwishowe ikalala moja kwa moja. Watu wakaanza kutawanyika. Wengine walirudi makwao ambako hawakujulikana tena. Wengi wetu tuliandikishwa katika kijiji cha ujamaa upande wa Makuyuni, tukapewa viwanja vilivyopangwa mstari kama matuta ya viazi. Stefania alikuwa wa mwisho kuhama. Alikuwa anaogopa kwamba Rosina akija atakuta vichaka. Alipita kwa kila aliyebaki kambini akawaachia maelekezo. Alikwenda stesheni ya Korogwe akazungumza na wapagazi, na sokoni kwa wauza ndizi, na kituo cha mabasi, akawaambia wote neno lilelile: akija mwanamke wa Kiha anauliza mtoto, mwambieni mtoto yuko Makuyuni, mzima, na anamkumbuka.

Kijijini alipewa kazi ya chekechea, watoto wakiwa wanalelewa wakati wazazi wako kwenye shamba la pamoja. Lakini hawa hawakuwa watoto wa kambini. Walizaliwa wanasema Kiswahili, wa Muha na wa Myao na wa Mzigua sawasawa, na nyimbo zao zilikuwa za umoja na jembe. Mimi sina ugomvi na hilo. Lilitufanya ndugu, na waliotaka tubaguane liliwakwama kooni. Ila nilimkuta Stefania siku moja anapukuchua mahindi peke yake, anajisemea polepole: minzi, mesi, mazi. Nikaingiwa na huzuni. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, tukapukuchua pamoja.

Grasiana akawa msichana mrefu, mkimya, anayefanana na mtu ambaye hakuna kijijini aliyemkumbuka vizuri. Mazoea ya kuita mlangoni yalikoma alipovunja ungo. Aliona haya, na Stefania hakumlazimisha. Ila alimuuliza mara mojamoja, "Bado unalo?" Naye alijibu, "Ninalo, Yaya." Yeye na mimi tulikuwa marafiki wa kuambiana kila kitu, na jambo hilo tu ndilo hakuwa akinieleza.

Akapata mchumba. Hiza alikuwa fundi baiskeli wa Chanika, kule Handeni mjini, aliyekuja kijijini kwetu kutengeneza baiskeli za kamati akazitengeneza taratibu mno. Kwao ni Wazigua, ukoo ambao nusu uko msikitini na nusu kanisani kama koo nyingi za kule, na walimpenda binti. Mahari ilisemwa ikaisha vizuri. Kilichobaki kilikuwa mkaja.

Mkaja ni ile nguo mwanamke anayojifunga tumboni akishajifungua, tumbo lirudi. Siku ya kumposa binti wa mtu, upande wa mume hulipa fadhila ya tumbo lile kwa nguo mpya. Kule kwa kina Hiza nguo haikabidhiwi mkononi tu. Shangazi wa mwanamume humfunga mama wa binti kiunoni, mbele ya watu, na vigelegele ndipo vinaanza. Kabla ya hapo hakuna arusi.

Walikuja na basi, shangazi Hamisa mbele, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutuliza watu. Alikuwa amenunua doti ya kanga nyekundu ambayo kwa miaka ile ya kupanga foleni sijui aliipata wapi. Tulikuwa tumejaa uani. Akaikunjua, akamwendea Stefania, akasema, "Mama, nyanyua mikono, tukushukuru."

Stefania akaikunja mikono kifuani.

"Nisamehe, shangazi. Mkaja ni wa tumbo. Mimi huyu sikumzaa."

Hamisa alicheka kidogo, akidhani ni mzaha wa kupandisha bei ya furaha. "Tunajua. Umemlea. Kwetu ni yaleyale."

"Si yaleyale. Aliyemzaa yupo. Nilimwapia kwamba cha kwake sitakigusa."

"Yuko wapi tumfunge?"

"Sijui."

Yordani, akijaribu kuokoa jambo, alisema kama ni tumbo tu linalotafutwa basi la kwake lipo, tena kubwa. Hakuna aliyecheka. Hamisa alisimama na kanga yake mikononi, na nikamwona usoni anabadilika. Kwao kukataa mkaja kuna maana moja tu: hatumtaki kijana wenu. Mtu anaweza kutaja sababu elfu, maana ni hiyo. Akaikunja nguo ile polepole, akaitia kapuni.

"Tumeelewa," alisema. "Tungeambiwa mapema tusingewasumbua."

Wakaondoka. Hiza alibaki nyuma kidogo, akamtazama Grasiana, akageuka akawafuata wazee wake. Grasiana aliingia ndani akafunga mlango.

Nikaja kumsikia akisema na Stefania jioni ile, maana nyumba zile za miti hazifichi kitu.

"Yaya, hunitaki niolewe?"

"Nataka. Nataka kuliko wewe."

"Basi ungenyanyua mikono. Ni mikono tu."

"Rosina aliniamini."

"Na mimi je?"

Kuanzia hapo Grasiana alimpikia, alimchotea maji, alimpa shikamoo asubuhi, na zaidi ya hapo hakumsemesha. Stefania alikonda. Alirudi stesheni, maana siku hizo treni zilikuwa zimeunganishwa na reli ya kati, akamwomba kila aliyeelekea Kigoma aulize Kasulu kama kuna mtu anamjua Rosina mjane wa Korogwe. Wengine walirudi wakasema hawakusikia lolote. Wengine hawakurudi. Mvua za vuli zikanyesha zikaisha. Kutoka Chanika tukasikia kwamba kwa kina Hiza kuna binti mwingine anatajwa, mzaliwa wa hapohapo, mwenye mama anayeonekana.

Yordani ndiye aliyevunja ukimya. Alivaa shati lake la kanisani, akapanda basi hadi Handeni bila kumuaga mtu, akaenda kukaa kwenye baraza la Hamisa. Sijui alisema nini. Yeye alisema alilia, nami namwamini. Alirudi na ahadi: Hamisa atakuja tena, mara hii tu, kwa sababu kijana wake hali chakula vizuri. Akikataliwa, asilaumiwe.

Siku hiyo hatukujaa uani. Watu waliona haya kutazama. Alikuja Hamisa, Hiza na mzee wao mmoja. Stefania alikuwa kwenye kigoda, amevaa vizuri, uso wake umechoka. Alikuwa ameamua, nilimjua. Angekataa tena, na ingemuua.

Hamisa alitoa kanga ileile. Hakusema nyanyua mikono. Alisema, "Mama, nakuuliza mbele ya mzee huyu. Tuendelee au tuache?"

Stefania alifungua mdomo. Kabla hajasema, Grasiana alitoka ndani. Binti hatoki siku kama hiyo. Mzee wa Chanika aligeuza uso pembeni. Grasiana hakujali. Alikuja mpaka kwenye kigoda, akapiga magoti kwenye vumbi na nguo zake nzuri, akaishika miguu ya Stefania.

"Mawe," alisema.

Stefania alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Usinifanyie hivyo. Hilo si langu. Nilikutunzia."

"Ulinitunzia, na ninalo. Hujanikosea kitu." Hakuinama. "Ulinifundisha niliite kila jioni. Nililiita, Yaya. Nililiita mlangoni, na nikiwa na homa nililiita kitandani, na siku ile nilipopotea kwenye mkonge nikaliita mpaka sauti ikakauka. Unajua ni nani alikuwa anakuja?"

Stefania alikuwa analia sasa, bila kujifuta.

"Kila mara niliyemwona amekuja ni wewe. Hakuja mtu mwingine hata siku moja. Mimi tangu mdogo nilijua ni wewe ninayekuita. Nilikuwa naogopa kukwambia, kwa sababu ya kiapo chako." Akaishika miguu yake kwa nguvu zaidi. "Mama Rosina akija, nitampokea, nitamwosha miguu, nitampa na yeye. Neno haliishi. Lakini leo nakuita wewe. Usiniache naita tu."

Hamisa alikuwa ameshika kanga kifuani, na machozi yalimfika kidevuni. Nami nilimtazama Stefania, mwanamke aliyeitikia watoto wa kila kabila maisha yake yote, nikamwona anatafuta mahali pa kuweka mikono.

"Mawe," Grasiana aliita tena, kwa sauti ndogo ya mtoto.

"Ee," Stefania aliitika. "Ee, mwanangu."

Akainuka kutoka kwenye kigoda chake, akanyanyua mikono yote miwili juu, na Hamisa akamzungushia nguo kiunoni akakaza fundo.